Kuchanga karata kwa biti nasibu: njia ipi haipendelei?

mchanga52: Wakuu, naandika mchezo wa karata. Nina kifaa kinachonipa biti nasibu, sifuri na moja basi. Nimejaribu njia tatu za kuchanga karata 52: (1) napita karata moja moja, kila moja naibadilisha na yoyote kati ya zote 52, (2) kila karata naipa namba nasibu, kisha nazipanga kwa namba hizo, (3) Fisher-Yates, yaani naanzia karata ya mwisho nikirudi nyuma, kila moja naibadilisha na yoyote kati ya yenyewe na zilizo kabla yake. Nikitazama, zote zinachanganyika. Nibaki na ipi?

nusubiti: Macho hayawezi kukuonyesha hili, mkuu. Ya kwanza itupe leo. Chukua karata 3 tu: hatua 3, kila hatua chaguo 3, jumla njia 27. Mipangilio iko 6, na 27 haigawanyiki kwa 6. Kaa na kalamu uhesabu: mipangilio mitatu inapata njia 5 kila mmoja, mitatu inapata 4.

bi_safu: Ya pili inasingiziwa bure. Kwa namba za biti 32, uwezekano wa karata mbili kupata namba ileile ni kama 1 kwa milioni 3, na ikitokea unafuta zote unaanza upya. Ubaya wake ni ulafi: biti 1,664 kwa kuchanga mara moja. Ila usije ukaidanganya kanuni ya kupanga ya lugha yako kwa ulinganishi unaojibu ovyo kila inapouliza ipi itangulie. Hiyo si njia ya pili, hiyo ni vurugu.

nusubiti: Fisher-Yates ndiyo yenyewe, lakini wengi wanaiharibu kwenye kuchagua nafasi. Biti 6 zinakupa 0 hadi 63. Ukichukua baki ya kugawa kwa 52, basi 52 inageuka 0, 53 inageuka 1, mpaka 63 inageuka 11. Nafasi 0 hadi 11 zimepewa tiketi mbili mbili! Ikitoka 52 au zaidi, itupe, vuta tena:

```
kwa i kuanzia 51 kushuka hadi 1:
    rudia
        j = vuta(idadi ya biti za kuandika i)
    mpaka j <= i
    badilisha karata[i] na karata[j]
```

mchanga52: Kutupa kunaniuma, kifaa changu ni cha polepole. Nilifikiri nivute biti 32 tu ziwe mbegu, yaani namba ya kuanzia, halafu jenereta ya namba nasibu ya lugha ya programu iendelee yenyewe.

kokotoa: Hesabu ya kutupa ni hii: wastani ni biti 356 hivi kwa kuchanga mara moja. Chini ya 226 huwezi kwenda, kwa sababu mipangilio ya karata 52 ni namba ya tarakimu 68. Unaweza kuvuta biti 256 kwa mkupuo, ukazifanya namba moja kubwa na kuigeuza kuwa mpangilio. Upendeleo unaobaki ni chini ya 1 kwa bilioni. Binafsi nisingejisumbua na hesabu za namba kubwa kwa ajili ya biti mia.

bi_safu: Hiyo mbegu ya biti 32 ndiyo ya kuogopa. Itakupa mipangilio isiyozidi 4,294,967,296, hata uchange kwa ustadi gani. Mwaka 1999 kulikuwa na poker ya mtandaoni iliyochapisha msimbo wake ili watu waiamini. Mbegu ilikuwa milisekunde tangu usiku wa manane, yaani 86,400,000 tu kwa siku. Watafiti wakalinganisha saa, wakaona karata tano, wakajua zote zilizobaki. Na kuchanga kwenyewe kulikuwa kwa njia yako ya kwanza, tena na kosa la moja: karata ya 52 haikuweza kubaki nafasi ya 52.

mchanga52: Mbegu nimeifuta, navuta biti zote kutoka kwenye kifaa. Nimechanga karata 3 mara 600,000. Kwa njia ya zamani mipangilio mitatu ilicheza kwenye 111,000 na mitatu kwenye 89,000, vilevile alivyosema nusubiti. Kwa Fisher-Yates yenye kutupa, yote sita iko jirani na 100,000.