Mrejesho: Mafao ya marehemu baba, mwanajeshi

Ndugu zangu, niliuliza hapa kwa nini jina la marehemu baba, askari wa JWTZ, halionekani PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Nimepata jibu.

Nilikuwa nabisha hodi mlango usio wake. PSSSF ilizaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Pensheni ya mwanajeshi haiko humo; hulipwa na Hazina (Wizara ya Fedha). Nauli za Mpwapwa–Dodoma zimeniuma, jamani, na hakuna aliyeniambia mapema!

Kikao cha ukoo kimemchagua mama, Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Jumatatu tunapeleka Hazina barua ya mahakama pamoja na cheti cha kifo. Mama ameanza kulala usingizi. Aliyenielekeza Hazina, Mungu akubariki sana.