Wakutubi wenzangu naomba ushauri: wanafunzi wanaleta marejeo ya makala ambazo hazipo, na hii mitandao ya watafiti ina faida kweli?

Mlinzi wa Rafu (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Nipo maktaba ya chuo cha afya, mkoani. Kompyuta ni chache, intaneti inakimbia asubuhi wanafunzi wakiwa darasani, mchana inatambaa. Bosi karudi semina na agizo kwamba maktaba iwe ya kidijitali. Nimepewa mpaka muhula ujao nijaribu njia mpya za kutafuta makala na mitandao ya kuunganisha watafiti, kisha niseme tubaki na ipi.

Google Scholar naijua. Shida ni kwamba mwanafunzi akibonyeza kichwa cha makala anatupwa kwa mchapishaji, anadaiwa dola 30 na kitu. Anafunga, anahamia kwenye akili mnemba. Huko anajibiwa fasta, tena na orodha ya marejeo chini. Juzi binti wa mwaka wa tatu kaniletea orodha yake kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito, anataka nimpatie makala kamili. Jarida lipo kweli. Mwandishi mmoja yupo kweli. Mwaka, juzuu na kurasa vimepangwa vizuri kabisa. Nikafungua tovuti ya jarida lenyewe: juzuu ile, kurasa zile, nakuta makala ya fistula.

Kwenye mitandao nimefungua akaunti ResearchGate (mtandao wa watafiti) na LinkedIn, nimejisajili ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti), na nipo magrupu ya WhatsApp ya wakutubi ambako salamu za asubuhi ni nyingi kuliko makala. Bosi naye anataka ukurasa wa Instagram.

Mtu mwenye muda mdogo na bando la ofisi lenye kikomo aanze na lipi? Na hawa wa akili mnemba niwapige marufuku? Nawasilisha.

Kabati la Tano

Mkuu, chuo cha afya halafu hujataja Hinari hata mara moja! Hinari ni mpango wa WHO na wachapishaji wa kuzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, ulianza 2002. Sasa upo chini ya Research4Life pamoja na AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Tanzania ipo kundi A, maana yake taasisi haitoi hata senti. Anayesajiliwa ni chuo, siyo wewe binafsi. Ila kabla hujajaza fomu, ulizia kwanza kama chuo hakijasajiliwa zamani. Mara nyingi aliyekutangulia alisajili, akahamishwa, akaondoka na neno la siri.

Sasa sikiliza hapa ndipo watu wanapokwama. Makala ileile ukiifikia kutoka Google unadaiwa hela, ukiifikia ukiwa ndani ya Hinari inafunguka. Mchapishaji anakutambua kwa mlango uliopitia. Mwanafunzi aingie kwanza Research4Life kwa jina na neno la siri la chuo, kisha atafute hukohuko, hata PubMed (hifadhidata ya makala za afya) aifungulie humo ndani. Siyo kila jarida litafunguka, baadhi ya wachapishaji wamezuia nchi fulani fulani, lakini utaona tofauti.

Mama Katalogi

Mdogo wangu, ukiwapiga marufuku watakuficha tu. Kwangu sheria ni moja: rejeo haliingii kwenye ripoti mpaka mimi na mwanafunzi tuone ukurasa wa kwanza wa hiyo makala.

Tunakaa naye mezani. Kama kuna DOI (namba ya utambulisho wa makala mtandaoni), anaibandika baada ya doi.org/ na tunasoma kinachofunguka. Usiridhike kwamba imefunguka, kwa sababu hizo programu za akili mnemba zinaweza kukupa DOI halali ya makala nyingine kabisa. Soma kichwa. Kama DOI haipo, weka kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar. Kikikosekana, pita na AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) kabla hujamwambia mtoto wa watu ameletewa uongo. Majarida yetu ya Afrika mengine yamejificha, Scholar haiyaoni vizuri.

Mimi akili mnemba naitumia kutafuta maneno ya kutafutia. Mwanafunzi anaandika "low blood in mothers" halafu analalamika hakuna kitu. Mwambie aiulize wataalamu wanaitaje hali hiyo. Itampa anaemia, anemia ya Kimarekani, haemoglobin. Hayo ndiyo ayapeleke PubMed, aunganishe kwa OR (lolote kati ya hayo), aongeze AND Tanzania (lazima nalo liwemo), kisha achuje zinazosomeka bure. Hapo inasaidia sana, na hakuna rejeo la kubuni linalopenya.

Bando Limekata

Instagram ya maktaba ya chuo itafuatwa na wauza wigi na waganga wa nyota. Nimemaliza.

Nyaraka wa Nakuru

Huku Kenya vyuo vikuu hununua majarida kwa pamoja kupitia KLISC, umoja wa maktaba zetu, na nyinyi huko mko na wenu, COTUL. Manake grupu la maana ni lile lenye watu wa vyuo vinavyolipia vitu ambavyo wewe hulipii. Uliza huko uko na nani wa kukusaidia nakala moja moja, kulingana na masharti ya leseni yao. Hizo salamu za asubuhi zima sauti tu.

ResearchGate mimi huitumia kwa kazi moja: kumwomba mwandishi mwenyewe nakala. Wengi hujibu. Lakini mwambie mwalimu asipandishe huko PDF ya mchapishaji bila kusoma mkataba aliotia sahihi. Na ORCID usiwe nayo peke yako, wasajilie wahadhiri. Ni bure, ni tarakimu 16 za mtu mmoja. Kina Juma Hamisi na John Joseph wanaochapisha ni wangapi? Bila hiyo namba kazi zao huchanganyika.

Mlinzi wa Rafu

Asanteni sana. Nimeulizia, kumbe chuo kilisajiliwa kweli, nafuatilia barua pepe iliyotumika. Ila neno la siri moja kwa chuo kizima, likimwagwa WhatsApp?

Kabati la Tano

Litamwagwa usipokaa nalo. Kwenye kompyuta za maktaba ingiza mwenyewe. Usilibandike ukutani wala kwenye tovuti ya chuo, na waeleze kwamba anayepakua jarida zima kwa mkupuo anaweza kusababisha chuo kizima kifungiwe. Wanaomaliza wakiondoka, omba libadilishwe.

Kuhusu bosi, usimpelekee ripoti ndefu. Mkalishe asubuhi intaneti ikiwa nzuri, chagua makala ya somo analofundisha yeye, mfungulie kupitia Google aone bei, kisha mfungulie kupitia Hinari. Instagram ataisahau mwenyewe.

Chaki Nyeupe

Samahani kudandia uzi. Sisi chuo cha ualimu tunaweza kuingia hiyo Research4Life?

Kabati la Tano

Mnaweza, taasisi za elimu zinapokelewa, jazeni fomu. Mkisubiri majibu tumieni DOAJ, orodha ya majarida yanayosomeka bure mtandaoni, haina usajili wala neno la siri, na majarida ya elimu yamo mengi.