Tupeane uzoefu: Kupanga safari ya gari hadi korongo la Kyambura

Msafiri wa Ankole (mwanzisha mada)

Wadau, likizo inakaribia na maswali kuhusu Kyambura yameanza. Tukusanye hapa yale yatakayomsaidia mtu kupanga: njia, gari, muda, vibali. Hadithi za nani alienda na nani tuziache kwa uzi mwingine.

Korongo liko upande wa mashariki wa Hifadhi ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Lina urefu wa kama kilomita 16 na kina cha takriban mita 100, na mto Kyambura unapita chini yake, ndani ya msitu, kuelekea mfereji wa Kazinga. Juu kote ni nyasi, kwa hiyo ukiwa kwenye lami hulioni. Wengi wanashuka ukingo wa Kichwamba, wanavuka daraja la Katunguru na kufika Kasese bila kujua wamelipita. Usipokunja kuingia kwenye barabara ya vumbi hadi kituo cha Fig Tree, ukingoni kabisa, umelikosa.

Ushauri wangu ni mmoja: panga kuanzia korongoni, urudi nyuma hadi Kampala. Matembezi ya kutafuta sokwe wanaoishi korongoni huanza saa 2 asubuhi, na zamu ya pili saa 8 mchana. Kutoka Kampala ni kama kilomita 390, mwendo wa saa saba au nane ukiendesha kwa sheria. Anayetaka zamu ya asubuhi alale Rubirizi au Kyambura usiku wa kuamkia. Kutoka Kampala alfajiri ukategemea kuwahi zamu ya mchana ni kujitakia presha. Foleni moja ya Busega, unapotoka Kampala, na lori moja lililokwama mbele yako vinatosha kukuchelewesha, na presha hiyo ndiyo inayofanya watu wapite magari kwenye kona.

Dereva Masaka Road

Naongezea njia. Busega uwe umeipita kabla ya saa 12 asubuhi. Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, ni mahali pa kupumzika dakika kumi. Ukitaka nyama choma na gonja, subiri Lukaya. Kipande cha Lwera kimepita kwenye kinamasi, na mvua kubwa hukipiga vibaya. Mwezi Mei 2023 daraja la Katonga lilibomoka na magari yakazungushwa mbali sana. Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, uliza hali ya barabara usiku kabla hujatoka.

Mbarara pitia barabara ya mchepuko, usiingie mjini. Jaza tangi Mbarara au Ishaka. Hesabu ni rahisi: kwenda na kurudi kilomita 780, ongeza 120 za mizunguko ya hifadhini, jumla 900. Gari la lita 12 kwa kilomita 100 litakula lita 108. Ongeza asilimia 15, kwa sababu mwendo wa polepole hifadhini na kupanda ukingo wakati wa kurudi hula mafuta kuliko lami tambarare.

Fundi Ishaka

Ndugu zangu, mnapita haraka pale penye hatari. Baada ya Rubirizi barabara inashuka ukingo wa bonde la ufa, na hapo ndipo breki zinapoungua.

Kinachotokea ni hiki: dereva anaweka mguu kwenye breki tangu juu hadi chini. Pedi na diski zinapata moto, joto linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyochemka mapema. Yakichemka yanatoa mapovu, pedali inakuwa laini, ukikanyaga inaenda hadi chini na gari halishiki. Mafuta yenye zaidi ya miaka miwili yabadilishe kabla ya safari, na pedi zikaguliwe.

Gia ichaguliwe juu kabla ya mteremko, gari likiwa bado polepole. Kwa gari la gia za mkono, ni gia ya tatu au ya pili. Acha injini ishike gari. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu kiasi, mwendo ushuke, kisha achia kabisa ili zipoe. Usizibembeleze muda wote. Na usiweke gia huru eti unaokoa mafuta.

Mama Safari

Mkuu, na sisi wa otomatiki? Wengi tuna Premio na Noah.

Fundi Ishaka

Dada, tumia 2 au L, au zima kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa) kama kipo. Usikie injini ikinguruma zaidi, hiyo ndiyo kazi yake, haiharibiki.

Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikilegea, toka barabarani mahali palipo wazi, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, weka pembetatu, subiri dakika 30. Usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Wakati wa kurudi shida ni kinyume chake: unapanda, injini inachemka. Sindano ya joto ikianza kupanda zima AC na punguza mwendo. Ikiendelea, simama, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kipoe.

Spea kagua upepo wake pia, maana watu hubeba spea iliyolala. Beba jeki, spana ya magurudumu, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki. Kwenye vumbi laini jeki inazama bila ubao.

Kijana wa Kazinga

Kibali cha sokwe kitafute mapema UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda), ofisi iko Kira Road, Kamwokya. Nafasi kwa kila zamu ni chache. Ujue pia kwamba sokwe wa Kyambura ni wachache, wamezungukwa na nyasi, na kuwaona si lazima. Korongo peke yake linatosha kuifanya safari iwe na thamani, ila usimwahidi mtoto.

Kushuka korongoni ni mteremko mkali, na baada ya mvua udongo unateleza kama sabuni. Viatu vyenye meno, suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, maji lita mbili kila mtu. Mwenye mafua abaki juu, sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu na kundi dogo hivi haliwezi kuhimili.

Barabarani funga vioo penye nyani na usiwatupie ndizi. Giza likiingia usiwe njiani karibu na Katunguru, viboko hutoka majini kwenda kula nyasi na tembo huvuka lami.

Mutukula Kila Wiki

Kwa wanaotoka Tanzania: Mutukula hadi Masaka ni kama kilomita 90, unaunga hapo bila kufika Kampala. Pasipoti, cheti cha homa ya manjano, kadi ya gari, bima ya COMESA ya gari linalovuka mpaka, na kibali cha kuingiza gari kwa muda. Gari si lako, beba barua ya mwenyewe.

Mama Safari

Na tukitaka kuendelea Ishasha, kusini mwa hifadhi, kuona simba wanaopanda mitini?

Dereva Masaka Road

Kiangazi sawa. Mvua ikinyesha, njia ya Katunguru hadi Ishasha ina udongo mweusi unaoshika magurudumu, na malori huziba njia siku nzima. Kwa Noah ya kawaida usijaribu. Rudi Ishaka, upitie Rukungiri.