Mario, nyoka wa Nokia na Contra ukutani: rangi ya mafuta, akriliki au kolaji?

Mchora_Usiku

Wakuu, heshima kwenu. Kaka yangu anafungua saluni ya kiume Sinza, na ukuta mmoja kaniachia mimi. Anataka picha tatu: Mario, nyoka wa gemu ya simu za Nokia, na Contra, ile ya askari wenye bunduki. Ndiyo magemu tuliyokulia. Tulikuwa tunacheza sebuleni kwa mama mmoja jirani, shilingi hamsini kwa zamu. Ukifa mapema hela imeliwa, na nyumbani unasubiriwa kwa sababu hujachota maji.

Nimejaribu vipande vidogo vya kila aina. Akriliki juu ya kitambaa cha amerikani ni safi na haina harufu, lakini kwa joto hili la Dar inakauka kwenye sahani kabla sijamaliza mstari. Rangi ya mafuta ya kopo kwenye hadibodi inang'aa vizuri mno, ila inanuka siku tatu na mke wangu ameanza kuongea peke yake jikoni. Kolaji, yaani picha ya vipande vya magazeti na majarida vilivyobandikwa, ndiyo inayonivuta zaidi, ila karatasi zimevimba kama maandazi.

Ipi itadumu kwenye saluni yenye unyevu, mafuta ya nywele na vijana wanaoegemea ukuta? Naomba msiniambie "fanya unachopenda". Navipenda vyote, ndiyo maana nimekuja.

FundiHadibodi

Mkuu, nimechora Tingatinga miaka mingi kwa hiyo nitavutia kwangu, nisamehe mapema.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alichukua kilichokuwa dukani: hadibodi za mraba na rangi ya kupakia baiskeli. Sasa itazame gemu yako. Nayo ni mtoto wa uhaba. Kwenye Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo, kila kipande cha mhusika kilikuwa na rangi tatu tu, ya nne ni uwazi. Mario mdogo wa mwaka 1985 ana pikseli, yaani viboksi vya picha, 12 kwa upana na 16 kwa urefu, na rangi zake ni nyekundu, kahawia inayoelekea kijani, na ya ngozi. Basi. Hata ule mustachi ulitokana na shida: mwaka 1981, kwenye gemu ya Donkey Kong, mbunifu wake Shigeru Miyamoto hakuwa na nafasi ya kuchora mdomo ukaonekana, akaweka masharubu. Ovaroli nayo ilisaidia mikono isipotelee mwilini.

Kwa hiyo makopo matatu madogo yanakutosha, na moja la anga. Hakuna kuchanganya rangi, hakuna kivuli. Kopo la enameli, hiyo rangi yako ya mafuta, limezaliwa kwa kazi hiyo.

Namna ya kufanya: nunua daftari la hesabu la viboksi, chora humo kwanza, kisha hamishia kwenye ubao kwa rula na penseli. Paka rangi moja kwenye viboksi vyake vyote, iache ilale, kesho yake paka inayofuata. Ukitumia tepu ya karatasi kupata ukingo mkali, ibandue rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Ukingoja ikauke kabisa, tepu inaondoka na kiboksi cha jirani, nami nimelia kwa hilo zaidi ya mara moja.

Mafuta ya nywele yakirukia, kitambaa na sabuni. Shemeji mwambie utapakia uani.

BintiLeso

Kaka Fundi, hiyo "iache ilale" yako ni wiki nzima kwa picha moja. Akriliki inakauka haraka, ndiyo, lakini kwa viboksi hiyo ni faida! Unapaka nyekundu, unakunywa chai, unapaka kahawia. Tatizo la mwanzisha uzi ni sahani. Chukua bakuli lenye mfuniko, tandika kitambaa chenye maji, juu yake karatasi ya kuokea, rangi iweke hapo. Yangu inakaa mpaka kesho yake, na hapa Tanga joto si utani.

Amerikani yako umeiandaa vipi lakini? Kama umepaka rangi moja kwa moja kwenye kitambaa, kimeinywa yote. Mimi nafanya tabaka mbili za rangi nyeupe ya ukutani, ile ya maji, nimeichanganya na gundi nyeupe ya mbao kidogo, napiga msasa laini katikati.

Ila nina neno kuhusu Contra. Mbona mnawaza fremu tu? Ichore kama kanga. Pindo lizunguke pande zote nne kwa vile vipande saba vya gemu ya Tetris. Mjini, pale katikati, waweke wale askari wawili wenye bunduki. Na jina, pale chini ya mji, kwa herufi kubwa:

JUU JUU CHINI CHINI KUSHOTO KULIA KUSHOTO KULIA

Atakayeelewa ataelewa. Asiyeelewa atadhani ni mafumbo ya mke mwenza.

Kibonyezo

😂😂 Dada BintiLeso umeniua. Ile siri ya kubonyeza upate maisha 30 kwenye Contra, leo iko kwenye kanga!

Karatasi_Nai

Niaje kutoka Nairobi. Naona kolaji imetupwa pembeni kama mtoto wa kambo, wacha niitetee.

Karatasi inavimba kwa sababu inakunywa maji ya gundi na kutanuka, halafu inakauka ikiwa imekwama upande mmoja. Dawa ni kuilowesha kidogo kwa sponji kabla ya kubandika, itanuke mapema. Paka gundi ubaoni na mgongoni mwa karatasi, laza, kisha sukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ngumu ya plastiki. Ubao wenyewe upakwe vanishi nyuma pia, la sivyo utapinda. Gundi ya unga wa ngano usiiguse, mende wa saluni watakushukuru mpaka wajukuu wao. Na gazeti la kawaida liache: linageuka njano kwenye mwanga, na likilowa maandishi ya upande wa pili yanachungulia. Majarida ya karatasi nzito inayong'aa ndiyo yenyewe. Malizia kwa vanishi ya maji, tabaka mbili nyembamba, si moja nzito.

Lakini hayo ni ya mikono tu. Swali ni kwa nini ukate karatasi wakati brashi ipo. Mtazame msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa hapa Nairobi, alivyochukua picha za majarida ya mitindo na michoro ya vitabu vya udaktari akaunda wanawake ambao huwezi kuwaondolea macho. Kila kipande kinakuja na kwao. Mdomo ule ulikuwa unauza lipstiki kabla haujafika kwake. Rangi ya kopo haina kwao, msee. Nyekundu ni nyekundu. Lakini ukimjenga Mario kwa tangazo la sabuni, kipande cha kalenda ya duka na tiketi ya basi, huyo si wa Japani tena, ni yule mliyemlipia shilingi hamsini.

Ukiwahi kupanda matatu zetu zilizochorwa utanielewa: mwanamuziki, mchezaji mpira na shujaa wa filamu kwenye bati moja, na hakuna anayeuliza wamekutana wapi.

FundiHadibodi

@Karatasi_Nai maneno mazuri, ila mtu akiegemea tiketi yako ya basi na shati lenye jasho, miezi sita utakuta imechanika. Saluni si jumba la makumbusho.

Karatasi_Nai

Kweli hapo. Weka kioo basi, au itundike juu ya kichwa cha mtu aliyekaa.

MzeeKaseti

Vijana, nimewasoma nyote na nina mgogoro na viboksi vyenu.

Sisi tulioziona hizo gemu kwenye televisheni ya kichogo kikubwa hatukuona viboksi. Kile kioo kilikuwa kinatoa ukungu. Nyekundu ilimwagikia nyeusi, mistari ilipita katikati, na picha ikitanuka kwenye kioo hata pikseli haikuwa mraba kamili. Viboksi vikali mmevijua mlipoanza kuzicheza kwenye kompyuta. Kwa hiyo anayechora kiboksi kikali anachora faili. Mimi nilipochora yangu, nilitumia rangi ya mafuta ikiwa mbichi, nikapitisha brashi kavu kwa ubavu, viboksi vikalegea. Kila aliyeingia nyumbani alisema "hii ndiyo yenyewe", na hakuna aliyejua kwa nini.

Akriliki haikupi muda wa kufanya hivyo. Dada BintiLeso atanisamehe.

Jambo dogo la kuokoa kazi: kwenye Mario ya 1985 wingu na kichaka ni umbo lile lile, wamebadilisha rangi tu. Kata kadibodi moja, itumie kwa vyote viwili.

BintiLeso

Shikamoo Mzee. Nimesamehe, ila sijakubali. Saluni ina vijana wa miaka ishirini, hiyo ya kichogo hawakuiona. Wao kumbukumbu yao ni kiboksi.

MzeeKaseti

Marahaba mwanangu. Basi wachorewe wao, mimi sinyoi huko. Sina hata nywele.

Vizibo_tu

Hakuna aliyetaja vizibo vya soda? Kizibo kimoja kina kama sentimita 3, kwa hiyo Mario wa 12 kwa 16 anatoka na sentimita 36 kwa 48, na nafasi zote ni 192, tena nyingine zinabaki tupu. Vyekundu havikosekani. Pigilia kwa msumari mdogo kwenye mbao, gundi pekee itaachia. Nyoka wa Nokia usimthubutu kwa kioo kizima: kile kioo ni pikseli 84 kwa 48, vizibo 4,032, karibu mita mbili na nusu kwa moja na nusu. Mchukue nyoka peke yake.

Wazo hili si langu. Yule Mfaransa anayejiita Invader anabandika vigae kwenye kuta za miji tangu miaka ya tisini, maumbo ya gemu ya Space Invaders ya 1978, na Mombasa imo kwenye orodha ya miji aliyopita. Kigae kimoja, pikseli moja. Kigae hakikauki, hakipindi, hakiliwi na mende. Kwa saluni ningeenda huko.

Kibonyezo

Swali la nje kidogo: kaka yake akitaka kuuza fulana zenye hiyo picha je?

Karatasi_Nai

Hapo awe mwangalifu. Mario ni mali ya Nintendo, Contra ya Konami. Akianza kuchapa na kuuza, anatafuta barua ya wakili. Achape ile kanga ya BintiLeso bila askari, pindo na jina tu. Tena akaombe ruhusa kwake kwanza.

Mchora_Usiku

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa kimya kwa sababu wikiendi nilienda kwa mama Kimara, nikakuta bati la biskuti limejaa vocha za kukwangua. Alikuwa anaziweka tangu anunue simu yake ya kwanza, ile ile yenye nyoka. Hajui kwa nini aliziweka.

Nimezimwaga mezani. Ule ukanda uliokwanguliwa una kijivu kile kile cha nyoka, naapa. Nimepaka hadibodi kijani cha kioo cha Nokia (Fundi, enameli, na ndiyo, uani), nimekata vile vikanda miraba miraba na nimeanza kumpanga. Hamsini na tatu mpaka sasa, na bado hajakunja kona ya pili. Karatasi ya vocha ni ngumu, haivimbi. Nitaweka kioo juu.

Kwa hiyo nyoka ni kolaji. Contra itakuwa kanga, akriliki, BintiLeso nakudai hesabu ya pindo. Mario sijui. Mzee Kaseti amenivuruga, nimejaribu ubavu wa brashi kavu na sasa nimepata kitu kama nyanya yenye kofia.

MzeeKaseti

Unabonyeza sana. Ipitishe kama unapangusa vumbi kwenye redio ya mtu mwingine.

Vizibo_tu

Mkuu, kabla hujabandika hizo vocha, zikague moja moja. Lazima kuna ambayo mama hakuikwangua.