Naomba ushauri: simu ya intaneti ya nyumbani iite kwenye simu ya mkononi

Habari zenu wakuu. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Nyumbani tuna simu ya mezani inayopita kwenye intaneti, ile inayochomekwa nyuma ya ruta, namba inaanza na 027. Wateja wa mama wa Pangani na Muheza wanaijua namba hiyo tu, na mchana kutwa yeye yuko dukani. Simu inaita nyumba tupu, oda zinapotea. Inaniuma kweli.

Kwenye laini ya kawaida ya mkononi unabonyeza **21*, namba, kisha # na simu zote zinahama. Hapa nikibonyeza hivyo napata mlio wa kukataliwa. Ndani ya mipangilio ya ruta nimekuta sehemu ya kuhamisha simu: zote, laini ikiwa bize, au isipopokelewa.

Hofu yangu kubwa ni umeme. Nikiweka kwenye ruta, umeme ukikatika ruta inazimika na uhamishaji unakufa nayo. Ukiwekwa kwenye seva ya mtoa huduma, simu itahama hata nyumbani kukiwa giza. Je, niwaombe wao, au nimwekee mama programu ya SIP (ya kupokea simu kupitia intaneti) kwenye simujanja, apokee namba ileile kwa bando lake?

Halafu gharama: simu ikihamia mkononi, kile kipande cha pili, kutoka namba ya nyumbani hadi mkononi, tunalipa sisi, sivyo? Mnakatwaje?

Aliyeshaifunga naomba anielekeze hatua kwa hatua. Oda za Idi zimeshaanza kuingia.