Ramani huria Kigoma: tutafute wachangiaji mitandaoni?

Swali: Wakuu, kikundi chetu kinajaza OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia, kwa maeneo ya Ujiji, Mwanga na Kibirizi. Wengine wanataka tufungue ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp; wengine wanasema data huria isitegemee majukwaa ya makampuni. Mnashaurije?

Jibu 1: Fungueni, watu wako huko. Ila WhatsApp iwe mlango tu. Makubaliano, mfano lebo gani itumike kwa mwalo wa dagaa, yaandikwe kwenye wiki ya OpenStreetMap, yaani kurasa zake za maelezo mtandaoni. Kundini yanafukiwa na salamu za asubuhi. Posti inayovuta ni picha mbili za mtaa mmoja: ramani kabla, ramani baada.

Jibu 2: Naunga mkono. Angalieni hili: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza viwianishi (namba zinazoonyesha ilipopigwa), mkabaki na kisima msichojua kilipo. Itumwe kama dokumenti. Mgeni aanze na programu ya StreetComplete kwenye simu ya Android, ajibu maswali ya mtaani kwake. Na aambiwe siku ya kwanza: marufuku kunakili Google Maps. Leseni ya Google hairuhusu, na alichonakili kitafutwa.

Muuliza swali: Ya dokumenti hatukuijua, asante sana mkuu. Chini ya picha ya ramani tuandike nini?

Jibu 2: "© OpenStreetMap", isomeke vizuri. Kila posti.