Moyo wa Kibuyu: gumzo la Wana wa Kihamba, Kibosho

Resti (18:07): Tumsifu Yesu Kristo wazazi na ndugu. Tumetoka kwa daktari sasa hivi, mimi na Kelvin. Mama anaongea, amekunywa uji nusu kikombe. Majibu ya kile kipimo cha mishipa ya moyo yametoka.

Shangazi Yustina: Milele amina mwanangu. Sema haraka, roho yangu iko mkononi

Resti: Mishipa ni misafi. Hakuna hata mmoja ulioziba.

Shangazi Yustina: Asante Mama Maria 🙏🙏🙏

Severini Himo: Ngoja kwanza. Kama haujaziba, ambulansi, ndege ya Dar na zile milioni mbili na laki nne tulizochanga zilikuwa za nini? Ilikuwa gesi?

Resti: Kaka Severini.

Severini Himo: Nauliza tu. Juzi mlituandikia hapa "mshtuko wa moyo" kwa herufi kubwa.

Mama Mdogo Hilda: Mimi nilisema tangu Jumatatu mkanicheka. Mtu mzima mwenye afya yake anaanguka kwenye migomba yake mwenyewe, hospitali wanapima hawaoni kitu! Pale pana mkono wa mtu.

Resti: Jamani nani anamwangalia ng'ombe wa mama? Ananiuliza kila dakika tano.

Aneth Arusha (18:31): Ndiyo nimevua sare, nimesoma kuanzia juu. Hakuna aliyesema hawaoni kitu. Resti, kwenye karatasi wameandika nini?

Resti: Takotsubo. Daktari alisema tukutumie wewe utuelezee vizuri, yeye alikuwa na foleni.

Kelvin: Mimi nilidhani ni modeli ya gari

Aneth Arusha: Ni Kijapani kweli. Takotsubo ni chungu cha kutegea pweza, shingo nyembamba, tumbo pana. Mwaka 1990 madaktari wa huko waliandika habari za wagonjwa waliofika na kila dalili ya mshtuko wa moyo. Kifua kinabana, kipimo cha umeme wa moyo kimevurugika, damu inaonyesha msuli wa moyo umeumia. Wakiingiza mrija kuangalia mishipa, haijaziba. Ila chemba ya kushoto, ile inayosukuma damu mwilini, huku chini imetuna na imegoma kukaza, huku juu inakaza kwa nguvu zote. Ukiiona kwenye picha ni chungu kile kile.

Kelvin: Pweza tena 😅 hapa Feri wangemtia supu

Baba Mkubwa Fausti: Pweza simjui. Hicho unachokieleza si kibuyu cha mbege?

Aneth Arusha: Ndicho, Baba Mkubwa. Moyo wa mama umegeuka kibuyu.

Severini Himo: Na kinacholeta?

Aneth Arusha: Mara nyingi ni pigo la ghafla. Msiba, hofu, ugomvi. Wengine hupata baada ya ugonjwa mwingine mkubwa au upasuaji, na wachache sana kwa furaha ya kushtukiza. Inavyoonekana mwili unamwaga adrenalini nyingi kwa mkupuo mmoja, msuli wa moyo unapigwa butwaa. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wameshakoma hedhi. Mama ana 64.

Aneth Arusha: Na kaka, usirudie hilo neno la gesi. Siku za mwanzo hali hii inaweza kuua. Moyo unashindwa kusukuma, maji yanajaa mapafuni, mapigo yanakwenda ovyo. Halafu huwezi kuutofautisha na mshipa ulioziba kwa kumtazama mtu, mpaka apimwe. Ile ndege ilikuwa halali yake. Asitokee mtu humu siku moja akamwambia mwenye kifua kinachobana "tulia, ni mawazo hayo".

Severini Himo: Nimeelewa. Nimekosa. Resti natuma laki moja tena kwenye namba yako.

Shangazi Yustina: Atapona lakini?

Aneth Arusha: Wengi msuli unarudi katika wiki kadhaa, wakitunzwa. Watampiga tena ile picha ya moyo kabla ya kusema amepona. Si ugonjwa wa kurudi nyumbani na kushika jembe kesho yake.

Baba Mkubwa Fausti (18:52): Resti, hebu tuambie hiyo Jumatatu ilikuwaje. Kila mtu ananiletea habari yake.

Resti: Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe kule chini. Akasikia nyundo. Akakuta mpimaji na vijana wawili wanachimbia bikoni za mpaka katikati ya migomba, hatua sita kutoka kaburi la baba. Na dalali amekaa juu ya ukingo wa mfereji anakula ndizi. Akamwambia, mama, hapa pameshauzwa, hujaambiwa?

Resti: Baba ana miezi minane tu ardhini.

Resti: Ndizi zenyewe alikata kwetu.

Shangazi Yustina: Mae!

Theo: Dah.

Baba Mkubwa Fausti: Hilda umesikia. Mkono wa mtu upo. Ila ulishika bikoni, haukushika tunguri.

Baba Mdogo Deo: Ujumbe huu umefutwa.

Kelvin: 👀

Baba Mkubwa Fausti: Kelvin acha macho. Watu wazima wanaongea.

Baba Mkubwa Fausti: Mnajua mama yetu alipokufa, mzee alimfuata wiki ya sita. Hakuwa anaumwa. Tulisema ni uzee tukafunga mjadala.

Aneth Arusha: Hilo limeshapimwa. Uingereza mwaka 1969 walitoa hesabu ya wagane 4,486 wa miaka 55 kwenda juu. Miezi sita ya kwanza baada ya kufiwa na mke, vifo vyao vilikuwa juu kwa asilimia 40 kuliko wanaume wa umri wao wenye wake. Vilivyoongezeka zaidi ni vya moyo.

Shangazi Yustina (19:10): [Umesambazwa mara nyingi] MAGONJWA 12 YANAYOLETWA NA HASIRA‼️ Ini = hasira. Figo = woga. Mapafu = huzuni. Tumbo = wivu. SARATANI = KUTOKUSAMEHE. Samehe leo utupe vidonge!! Tuma kwa watu 20 unaowapenda

Severini Himo: Hii ya tumbo ni kweli kabisa. Vidonda vya tumbo vya Baba Mkubwa ni mawazo ya ile kesi.

Theo (19:14): Shangazi, kwa hiyo mama yangu alikufa kwa kutokusamehe?

Theo: Maana ilikuwa saratani ya titi. Na wote mlimjua. Alimsamehe hata yule aliyemwibia mashine ya kushonea.

Shangazi Yustina: Hapana jamani Theo baba angu sikuwa na maana hiyo

Theo: Imeandikwa hapo kwa herufi kubwa.

Shangazi Yustina: Nimefuta. Nisamehe mwanangu. Nilitumiwa kwenye kikundi cha jumuiya nikaona ina maneno mazuri

Aneth Arusha: Theo, nisikilize mimi. Nimeuguza wagonjwa wa saratani, na hilo swali wanaliuliza usiku taa zikizimwa: nilikosea wapi. Hakuna ushahidi wa kushika mkononi kwamba huzuni au kinyongo vinaanzisha saratani. Sigara, pombe, vile virusi vya mlango wa kizazi, umri, kurithi, hivyo vinajulikana. Mawazo huingia kwa mlango wa pembeni. Mtu akielemewa anakunywa zaidi, anavuta, halali, na uvimbe anauona ila anasema nitaenda mwezi ujao. Mama yako alikwenda mapema. Ugonjwa ulikuwa mkali, basi.

Theo: Asante dada.

Kelvin: Na vidonda vya tumbo? Maana hata mimi kazini naambiwa punguza stresi

Aneth Arusha: Dunia nzima iliamini hivyo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakaotesha bakteria waliyemkuta kwenye tumbo la wagonjwa. Wenzao hawakuwaamini, bakteria gani anaishi kwenye tindikali? 1984 Marshall akachukua bakteria hao kwenye mchuzi akanywa.

Baba Mkubwa Fausti: Akanywa?

Aneth Arusha: Kama unavyopokea kata ya mbege. Siku chache akaanza kutapika, wakampima wakakuta tumbo limevimba ndani na bakteria wamejaa. 2005 wakapewa Nobel wote wawili. Baba Mkubwa, wewe hukupona kwa sababu kesi iliisha. Ulipona kwa sababu ulimaliza zile antibiotiki, na nikakunyang'anya ile dawa ya maumivu, diklofena, uliyokuwa unameza kama karanga.

Severini Himo: Sasa dada mimi umenichanganya. Mama amedondoka kwa mawazo, halafu vidonda si mawazo, saratani si mawazo. Tushike lipi?

Aneth Arusha: Shika yote kaka. Mawazo yanaumiza mwili, hilo halina ubishi. Ila si kila ugonjwa ni wake, na ulio wake nao unatibiwa hospitali kama mwingine. Ninachokataa ni kumgeuzia mgonjwa kibao, kwamba angekuwa na moyo mwepesi asingeumwa. Mama Resti alimgeuza mume wake kitandani miaka mitatu baada ya kiharusi. Nani humu alimpokea hata wiki moja?

(Saa nzima karibu hakuna aliyeandika.)

Mama Mdogo Hilda (20:19): Mimi nilikwenda mara mbili.

Mama Mdogo Hilda: Mara mbili ni kidogo. Najua.

Resti: Aneth unakumbuka kile kidonda chake cha mguu? Alijikata na panga baba akiwa kitandani, kikakaa na maji wiki na wiki. Tulipima sukari, hana.

Aneth Arusha: Nakumbuka. Sijui kilikuwa kitu gani hasa, siwezi kukuapia. Lakini Marekani mwaka 1995 waliwatia wanawake kidonda kidogo sawasawa, cha milimita 3.5, nusu yao wakiwa wanauguza ndugu waliopoteza kumbukumbu. Wale wauguzaji vidonda vyao vilichukua wastani wa siku tisa zaidi kufunga. Mwili ukikaa miaka kwenye kotizoli kila siku, kinga inalegea.

Kelvin: Hiyo kotizoli ndiyo nini

Aneth Arusha: Homoni. Adrenalini ni ya kumkimbia nyoka, kotizoli ni ya kulinda boma usiku kucha. Inatakiwa asubuhi mlinzi alale.

Baba Mdogo Deo (20:41): Naomba niandike. Nimefuta mara tatu.

Baba Mdogo Deo: Bikoni ni mimi. Wote mnajua ni mimi, mnanizunguka tu.

Baba Mdogo Deo: Nilinunua parachichi za kuvusha Kenya. Mzigo ukakwama Holili siku nne, ukaoza. Hela ilikuwa ya mkopo wa kausha damu. Nilichukua milioni tatu, sasa wanadai saba na nusu. Wanakuja nyumbani saa kumi na moja alfajiri wanakaa kibarazani, watoto wanawaona. Nikasema niuze ule upande wa mfereji nilioambiwa na mzee ni wangu. Mpimaji kapitiliza. Sikumtuma karibu na kaburi. Lakini pia sikwenda kumwambia shemeji. Nilimwogopa.

Baba Mdogo Deo: Jumatatu jioni nilifika hospitali ya hapa kwetu nikakaa nje ya geti. Nikarudi.

Shangazi Yustina: Deo 😭

Baba Mdogo Deo: Aneth, na mimi kichwa kinagonga tangu mwezi wa sita. Silali. Juzi duka la dawa wamenipima presha wakasema 178 kwa 110, nikasema mashine mbovu.

Aneth Arusha: Mashine nzima, Baba Mdogo. Kesho asubuhi kabla ya kitu chochote nenda kituo cha afya wakupime tena, na ukiandikiwa dawa umeze hata kama deni halijaisha. Ila kifua kikibana, mdomo ukipinda, mkono au mguu ukifa ganzi, usingoje asubuhi, amsha mtu.

Baba Mkubwa Fausti: Hata mimi za presha niliacha mwezi wa pili. Nilijua ni za mawazo na mawazo yameisha.

Aneth Arusha: BABA MKUBWA.

Baba Mkubwa Fausti: Nimeziona ziko juu ya kabati. Usipige kelele.

Severini Himo: Hilo deni tulitazame. Milioni saba ni nyingi ila hao jamaa wanakubali kukaa mezani wakiona ukoo umekuja. Nina mtu nimemaliza naye kesi kama hiyo. Jumapili baada ya misa, kwa Baba Mkubwa?

Baba Mkubwa Fausti: Jumapili. Deo, bikoni uzing'oe wewe mwenyewe, usitume kijana. Na mke wa kaka yako akirudi utakwenda na isale, jani letu la kuombea msamaha. Mimi nitakutangulia mlangoni.

Aneth Arusha: Akirudi, na daktari akiruhusu. Msimpigie simu leo kumtangazia chochote, hata hizo habari njema. Resti atajua saa ya kumwambia.

Baba Mdogo Deo: Bikoni nilishang'oa. Jumatatu ile ile usiku, kwa tochi.

Kelvin (21:15): Mama ameamka. Anataka mtori, hapa wanampa wali. Na ameuliza tena ng'ombe

Baba Mdogo Deo: Niko naye mimi. Tangu Jumatatu namkatia majani na kumkamua, maziwa nawapelekea wale watoto wa jirani aliokuwa anawapa. Sikutaka kusema.

Resti (21:32): Baba Mdogo, huyo ukimkamua upande wa kushoto anapiga teke. Anza kulia.